Mkungu wa Bi Masouda na Chenso Mbili

Shida ya kuwa na chenso, msumeno wa injini wa kuangushia miti mikubwa, hapa Maskati ni moja tu: miti mikubwa yenyewe. Mitende ipo, lakini hebu uguse mtende wa mtu uone kama utasalimiwa tena msikitini. Vilivyobaki ni vichaka vya kupamba barabara, na hivyo hukatwa na mkasi.

Sleyum hayo hayakumzuia. Alikuwa na chenso nyekundu, injini ya cc tisini, upanga wake mrefu kama mtoto wa darasa la kwanza, ile wanayotumia watu wanaoshinda kwenye misitu ya barafu na ndevu zao. Alikuwa anaiweka sebuleni kwake Bawshar, kwenye kabati la vioo, baina ya vikombe vya kahawa na picha ya harusi. Mgeni akiingia huonyeshwa. Mgeni akionekana ana afya nzuri huambiwa aibebe.

Aliyeanzisha balaa hili ni shemegi yake, Khalil, kaka yake mkewe. Khalil anafanya kazi Bandari ya Sultan Qaboos, kupokea meli za watalii, na siku za uhaba wa meli hutazama video. Video zikamuingia, akaagiza chenso ya kijani. Na Sleyum, ambaye tangu siku ya nikaha hajakubali Khalil awe na kitu ambacho yeye hana, akaagiza nyekundu. Tangu hapo kila Ijumaa, kwenye chakula cha mchana kwa Bi Masouda, mama yake Khalil na mkwewe Sleyum, sinia likiwekwa tu, wanaanza.

"Yako nzito, shemegi," Khalil humwambia. "Mtu mpaka anaufikia mti keshachoka. Anataka alale kivulini, si kuukata."

"Yako nyepesi kwa sababu ndani hamna kitu. Hata maputo mepesi."

"Yangu navuta kamba mara moja, imewaka."

"Yangu inataka kubembelezwa, nakubali. Lakini ikishaingia kwenye gogo haipotezi pumzi. Yako inaanza na mbio, ikifika katikati inakohoa kama ina pumu."

"Yako inakutetemesha mpaka kesho yake unaswali mikono inacheza!"

"Na wali unapoa," husema Bi Masouda.

Walishazipambanisha, si kama hawakujaribu. Khalil alileta kutoka bandarini mbao za kupangia mizigo. Wakapata na boriti za nyumba iliyovunjwa Matrah, na mlango mkuukuu ambao baadaye ilijulikana kuwa mwenyewe alikuwa bado anautaka. Kila mara kitu kililazwa chini, kila mtu akakata kipande chake, na kila mara aliyeshindwa akasema mbao yake ilikuwa na fundo.

Aliyechoka ni Kheiria, mke wa Sleyum. Kheiria ni daktari wa meno.

"Mie kutwa nashinda na mashine inalia mdomoni mwa mtu," alisema Ijumaa moja, akaweka kijiko chini. "Narudi nyumbani nakuta nyengine kwenye kabati langu la vikombe. Sasa sikilizeni. Ule mti wa mama, mkungu wa uani, umepata ruhusa ya baladia, manispaa wamekubali, unakatwa wiki ijayo. Ukateni nyinyi. Atakayeshinda abaki na chenso yake. Atakayeshindwa, yake itoke kwenye ukoo huu na isirudi."

"Tumekubali!" wakasema wote wawili kwa pamoja, maana hakuna aliyekuwa akifikiria kushindwa.

Kesho yake Sleyum akamkuta mkewe anapima kabati kwa utepe.

"Unapima nini?"

"Maua ya plastiki. Nimeyaona Matrah, ya zambarau. Yanaenea hapa hapa."

Sleyum akatazama nyekundu yake inavyong'aa nyuma ya kioo, kisha akaiwazia nafasi ile imejaa zambarau. Wiki nzima hakula vizuri.

Huo mkungu ulikuwa jitu. Uliota kutokana na kungu aliyoitema Khalil utotoni, na yeye alikuwa akijihesabu kuwa ndiye baba yake. Shina lake watu wawili hawalikumbatii. Ungeachwa uishi zake, lakini mizizi iliingia kwenye karo la choo, na tangu hapo kila mgeni wa Bi Masouda akienda msalani alirudi na habari.

Ijumaa ilipofika, asubuhi, hewa baridi nzuri, wakakusanyika uani. Refa alikuwa Harrison, Mkenya wa Nakuru, anayekaa mapokezi kwenye kliniki ya Kheiria. Alichaguliwa kwa sababu hana undugu na mtu yeyote pale, na kwa sababu simu yake ina saa ya kuhesabia.

"Mimi ni mtu wa tao, wa mjini, Daktari," Harrison alijitetea. "Mambo ya pawa so, hizi chenso zenu, anajua brathe yangu. Huyo ndiye ako na shamba la mikaratusi, Molo."

"Wewe utatazama tu nani kamaliza mwanzo," alisema Kheiria, akaingia zake jikoni kutazama vitumbua.

Sasa, Bi Masouda ana mwenendo wake mmoja, na nusu ya akina mama waliotoka Unguja wanao: hampendelei mwanawe mbele ya mkwewe. Idi ikija, kanzu ya Khalil na kanzu ya Sleyum hukatwa jora moja. Mkate wa boflo huukata kwa uzi ili asije mmoja akapata ukoko mkubwa. Kwa hivyo alitoka ndani na kibakuli cha piko na brashi, ile piko ya kuchorea mikono ya bibi arusi, akachora mstari mweusi kwenye shina la mkungu, mbele na nyuma, juu mpaka chini.

"Nusu yako wewe, nusu yako wewe," akasema. "Nisisikie mtu kaonewa. Atakayefika katikati mwanzo, ndiye."

Mpango ulikuwa mti uangukie kiwanja kitupu cha pembeni. Jirani alishaombwa ahamishe mbuzi wake, akawahamisha, akakaa ukutani kutazama. Lakini kwenye kugawana nusu kila mmoja akaenda upande wa chake. Khalil akasimama upande wa majlis, sebule ya wageni aliyomjengea mama yake, bado inanuka rangi, dari ya jasi yenye maua na taa zinazobadilika. Sleyum akasimama upande wa geti. Akavua kanzu na kofia, akavitundika kwenye tawi, akavaa kinga ya uso na vizibo vya masikio.

"Tafadhali, shemegi, wewe mkubwa, washa mwanzo," alisema Khalil kwa adabu zake zote.

"Wallahi siwashi kabla yako."

"Basi pamoja."

Kijani ikawaka kwa mvuto mmoja. Khalil akatabasamu mpaka magego yakaonekana. Nyekundu ikavutwa, ikakataa, ikavutwa, ikapiga chafya, ikavutwa, ikanguruma hadi jirani akateremka ukutani. Harrison akapandisha mkono, akaushusha.

Na wallahi ilikuwa kazi ya kutazamwa. Walikuwa wanakata kama kwenye video, mkato wa juu ukiteremka na mkato wa chini ukipanda, kipande kinatoka kama kipande cha tikiti. Kijani ikatangulia. Unga wa mti ukaruka kama sukari. Halafu ikaingia kwenye mti mgumu wa ndani na sauti yake ikaanza kupanda juu, nyembamba, ya kulalamika. Nyekundu ilikuja nyuma, pole pole, sauti ile ile, ikila tu. Mikono ya Sleyum ilikuwa inatetemeka hadi mashavuni, lakini moyoni alikuwa anaimba. Kipande cha pili kikatoka. Cha tatu. Akachungulia: yeye na Khalil wako sawasawa, pengine yeye kazidi kidole. Zambarau zile atazitafutia kabati jengine!

Ndipo Kheiria akatoka jikoni na sahani ya vitumbua. Akatazama mti. Akatazama nyuma ya mti. Akapiga ukelele, lakini masikio yote yalikuwa yamezibwa. Akachukua kitumbua cha moto, akamrushia mumewe, kikamganda kwenye kinga ya uso.

Chenso zikazimwa.

"Nakuulizeni," alisema Kheiria, polepole, sauti ile anayomwambia mtu kuwa jino halifai tena. "Mti ukitobolewa upande mmoja zaidi, unaangukia wapi?"

Walitazamana. Mbao zote walizokata mwanzo walizikuta zimeshalazwa chini. Wala kwenye video zile hakuna anayeeleza habari hiyo, wanaeleza nguvu za farasi.

"Upande... uliotobolewa," alisema Khalil.

"Na nani katoboa zaidi?"

"Mimi!" walisema wote.

"Haya mshindi, geuka nyuma."

Sleyum akageuka. Nyuma yake, chini ya mkungu kabisa, lilikuwa gari jeupe, viti bado vina nailoni. La Kheiria. Kheiria alikuwa kalala kwa mama yake, na Sleyum alikuja nalo kwa sababu buti lake kubwa, chenso inaenea. Na alipoingia uani akafanya anachofanya kila mtu wa Maskati, hata mwezi wa kwanza, hata mawingu: aliona kivuli, akaegesha. Hakujiuliza kivuli ni cha nini.

Upande wa pili Khalil naye alikuwa anaitazama majlis, ile dari ya jasi, zile taa.

Juu yao mti ukasema: *tiii*.

Shina lilikuwa limebaki kiuno cha nyigu, na juu yake kichwa kizima cha mkungu na majani yake.

"Si utoe gari tu?" aliuliza Harrison kutoka mbali. Alikuwa keshafika getini.

"Ufunguo umo kwenye kanzu," alisema Sleyum.

"Kanzu iko wapi?"

Sleyum akaonyesha kwa kidole. Kanzu ilikuwa kwenye tawi, inapepea juu ya kile kiuno.

"Nenda ukailete wewe, Harrison, mwepesi."

"Mimi? Mimi ni mgeni hapa, bana!"

*Tiii*, ukasema mti.

"Shemegi," alisema Khalil, sauti imelegea, "malizia wewe. Kusema kweli yako ina pumzi. Nilikuwa naisikia. Kata kidogo tu upande wako, uwe mshindi, nakuachia."

"Hasha! Mimi nimtangulie kaka wa mke wangu? Tafadhali wewe. Yako nyepesi, ina mbio. Umebakisha kidogo."

"Yangu ina pumu. Umesema mwenyewe."

"Nilikuwa nakutania! Yangu ndiyo mbaya, inanitetemesha, tazama mikono."

"Yako ina nguvu bwana, usijidhalilishe!"

"Nguvu wapi? Chuma tu kile. Tafadhali, shemegi, tafadhali."

Bi Masouda alikuwa kakaa kitako kwenye kiti chake barazani muda wote huo, kibakuli cha piko mapajani. Akanyanyua mkono, wakanyamaza.

"Sleyum, mwanangu. Mimi sikuelewi. Sema kweli yako mbele ya watu. Chenso ipi bora?"

Hapo Sleyum akapata tabu. Neno moja tu, "yangu", na kabati linabaki lake. Lakini mwenye chenso bora lazima ende akamalizie, na akimalizia, mti unakuja kwenye gari jeupe. Aliitazama nyekundu, kitumbua bado kimemganda kwenye kinga ya uso. Akamtazama mkewe. Mkewe alikuwa hatazami chenso wala gari. Alikuwa anamtazama yeye.

"Ya Khalil, mama," alisema. "Wallahi, ya Khalil ndiyo bora."

"Na wewe, Khalil?"

Khalil akaitazama dari ya jasi. "Ya Sleyum, mama. Yangu haifai kitu."

"Refa, umesikia?" aliuliza Kheiria.

"Nimeskia, Daktari," alisema Harrison. "Kila mtu amekubali yake imeshindwa."

"Basi zote mbili zinatoka."

Baada ya sala ya Ijumaa likaja winchi la kukodi. Likaushika mkungu kwa kamba kutoka juu, na jamaa mmoja akapandishwa kwenye kikapu na kijichenso cha betri, kidogo kama kisu cha mkate. Akawa anapunguza tawi moja moja. Kilikuwa kinavuma kama feni. Kanzu ya Sleyum ilishuka ya mwanzo.

"Hii ndiyo nzuri," alisema Bi Masouda. "Mtu unaweza kuzungumza."

Sleyum na Khalil hawakutazama. Walikuwa wamekaa ndani ya majlis mpya, chini ya taa zinazobadilika rangi, kama watu waliofiwa.

Zile chenso aliondoka nazo Harrison alipokwenda likizo, kupeleka Molo kwa kaka yake. Kabati la Sleyum sasa lina maua ya zambarau, na mgeni akiingia Sleyum humkalisha akiwa ameligeuzia mgongo. Lakini kila Ijumaa, kwa Bi Masouda, simu huegemezwa kwenye jagi la maji, na ndani ya simu, kwenye video zinazotoka Molo, kuna msitu: mikaratusi mirefu kama minara, kaka yake Harrison na mwenzake, nyekundu huku, kijani kule.

"Unaona unga unavyoruka kwenye nyekundu?"

"Unga si kitu, tazama mkono wake, hautetemeki na kijani!"

"Na wali unapoa," anasema Bi Masouda.

Juzi hawakuvumilia tena. Wakampigia kaka yake Harrison, wakamuuliza, sasa wewe uliyezitumia zote kwenye miti ya kweli, ipi bora? Kuku akasikika.

"Aah," alisema yule bwana, "hizo ziko sawa tu. Ni rangi ndio tofauti."

Simu ikakatwa. Shemegi wawili wakatazamana, na kwa mara ya kwanza tangu nikaha wakawa na fikra moja.

"Huyu hajui kitu," alisema Khalil.

"Hajui kitu kabisa." Sleyum akasogeza sinia, akainama karibu. "Shemegi. Hiyo Molo, kutoka Nairobi, mbali?"

"Nshatazama kwenye ramani. Tutahitaji masweta tu."

"Nimesikia!" alisema Kheiria kutoka jikoni.