Kidole cha Puok

Jal hakumtambua mwuza chai, lakini mwuza chai huyo, Nyawech, alimjua kabla hajaketi. Huyu ndiye kapteni aliyekuwa mkubwa wa mumewe, Puok, kule jeshini Bentiu. Puok alipouawa mwaka jana, Nyawech alimwendea kuomba mshahara wa mwisho. Jal alimjibu, "Maiti hana mshahara," akampa mgongo.

Sasa ilikuwa Desemba 2013. Vita vimelipuka Juba, na Jal amekimbilia kambi ya Kakuma na mfuko wa pauni za kwao. Wabadilishaji pesa walizikataa, wakasema ni za wizi. Ili kuwaziba midomo, Jal akatandaza mbele yao, kwenye meza ya chai, orodha ya mishahara ya askari wake ya mwezi uliotangulia, Novemba.

"Someni wenyewe. Kila askari ametia kidole kuwa amepokea chake."

Hakujua kwamba Nyawech amesoma ngumbaru hapo kambini. Macho yake yalishuka mstari kwa mstari mpaka kwenye jina la Puok. Kando yake palikuwa na alama ya dole gumba, nyeusi tititi.

Nyawech akachukua kikombe cha Jal, akamwaga chai yote mavumbini, miguuni pake.

"Hiyo ni ya Puok," alisema. "Ametoka kaburini kuja kukutilia kidole, lazima ana kiu. Wewe kunywa pauni zako."