Baba wa Bi Harusi Ashika Kipaza Sauti

Baba wa bi harusi alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, na alikuwa na kigugumizi tangu utotoni. Watu walimpenda, kwa hiyo walimmalizia maneno. Mkewe alimmalizia, wateja walimmalizia, mwishowe akazoea kuanzisha sentensi na kuwaachia wenzake mkia.

Harusi ilipokaribia, mdogo wake akamwambia, "Kaka, usihangaike. Hotuba nitakutolea mimi."

Fundi akaitikia kwa kichwa. Moyoni ilimchoma.

Jumamosi moja alikwenda kunyolewa. Kinyozi, mtu mwenye domo lisilo na breki, akamchokoza, "Enhe, baba mkwe! Siku hiyo utatuambia nini?"

"Ni-ni-nilitaka..." Fundi akakwama, akangoja amaliziwe kama kawaida.

Kinyozi akazima mashine. Akavuta kiti, akaketi, akanyamaza kimya. Hakumwonea huruma wala hakutazama saa. Alisubiri tu, mpaka Fundi akasema yote aliyotaka kusema, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado.

"Maneno matamu hivyo," kinyozi akasema, "mdogo wako atayatoa wapi? Njoo tena kesho. Nywele hutakuwa nazo, lakini njoo."

Fundi akaenda. Ikawa kila jioni yuko kwenye kile kiti, anasema, na kinyozi anasikiliza.

Siku yenyewe, mdogo wake alipoinuka kuhutubia, Fundi alimshika bega. "Kaa, mdogo wangu." Akachukua kipaza sauti.

"Bi-bi-bi..."

"Binti yangu!" shangazi mmoja akamsaidia kutoka nyuma.

Bi harusi akainua kiganja. "Mwacheni baba aseme mwenyewe. Hatuna haraka."

Fundi akavuta pumzi. "Bi-binti yangu huyu alikuwa akilala karakanani, chini ya benchi langu, nyundo zinalia, wala haamki. Bwana harusi, ku-kumwamsha asubuhi utaipata!"

Ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Mkewe alicheka huku machozi yanamtoka. Kinyozi alikuwa amepanda juu ya kiti, anapiga makofi. Fundi akaendelea, akakwama, akajikwamua, na hakuna aliyethubutu kumdokezea neno.

Mshereheshaji akadhani hotuba imeisha, akanyoosha mkono kudai kipaza sauti chake.

Fundi akakikumbatia kifuani. "Ba-bado," akasema, uso unamng'aa. "Ndi-ndiyo kwanza naanza."