Mstari wa Buluu

Kwenye kioo cha kompyuta, gati jipya la wavuvi lilipendeza kama khanga: mstari mwekundu, wa buluu, mwekundu tena, yote sambamba na ukuta wa zege. Zarna aliutazama ule wa buluu kwa mapenzi. Wiki sita alikuwa ameuhangaikia katika ofisi hii ya ghorofa ya tatu, juu ya maduka ya vyombo ya Kariakoo, na saa nane mchana ramani ingekwenda kwa mkandarasi.

Mlango ukafunguliwa. Alikuwa Bi Najma, katibu wa wavuvi, mwenye mashua mbili na sauti ya kutosha mashua kumi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja mjini kununua kamba za kufungia mashua, nikasema niione kazi yetu kabla zege halijamwagwa."

Zarna akamweleza. Mawimbi yakigonga ukuta hurudi, hukutana na yanayokuja, na kuwa wimbi moja linalosimama pale pale, likipanda na kushuka. Palipo pekundu maji hupanda sana. Palipo pa buluu hayapandi kabisa.

"Hapo ndipo tutakapofunga mashua zenu arobaini. Patulivu."

Bi Najma aliinama karibu na kioo. "Mbele ya ukuta wa gati letu la zamani tunapo mahali kama hapo. Maji yametulia kama chai kikombeni, na ndipo kamba zinapokatika."

"Labda zilikuwa mbovu."

"Mpya, mwanangu. Za wiki moja."

Zarna alitaka kubisha, lakini kamba za wiki moja hazikatiki bure. Akashuka ngazi, akaazima beseni refu kwa Hyasinta, muuza vyombo, akalijaza maji pale pale barazani, akatupia vipande vya karatasi na kuanza kulitikisa taratibu, mawimbi yaende na kurudi.

"Dada, unafua nini bila nguo?" Hyasinta aliuliza, na wapita njia wakacheka.

Zarna hakusikia. Kwenye kingo mbili maji yalipanda na kushuka, na karatasi zikipanda na kushuka nayo pale pale. Katikati maji hayakupanda hata kidogo. Lakini karatasi za pale zilikuwa zikikimbia kushoto, kulia, kushoto, kama zimefukuzwa. Ramani haikusema uongo. Ilichora kimo cha maji, naye akasoma utulivu. Mwendo wa maji hakuwa ameuuliza.

Alipanda ngazi mbilimbili, akaiamuru kompyuta ichore kasi ya maji badala ya kimo. Mstari wake wa buluu ukawaka mwekundu kuliko yote.

Mhandisi Elimringi, mkuu wake, alisikiliza hadi mwisho, mkono juu ya simu.

"Jana nilikusifu mbele ya watu wote," alisema.

"Najua, mzee. Nilikosea."

"Ungenyamaza, ningeambiwa na nani?"

"Na kamba," alidakia Bi Najma, na mhandisi, kinyume cha matarajio, akacheka hadi akavua miwani. Kisha akampigia mkandarasi, akaomba wiki mbili.

Bi Najma alivuta kiti, akaketi kando ya Zarna na kukunja mikono ya baibui.

"Hilo ulilochora ni wimbi la siku gani?"

Zarna alitazama ramani. "La wastani. Mpigo mmoja tu, muda ule ule kati ya wimbi na wimbi."

"Basi tuwekee la mwezi wa saba. Linakuja polepole, na lina hasira."

"Polepole kiasi gani, mama?"

Bi Najma alifumba macho, akaanza kuhesabu kwa kugongagonga meza. Zarna akaandika tarakimu, akabonyeza, na wote wawili wakainama kutazama mistari ikihama.