Ufunguo Mfukoni mwa Aproni

Tangu apewe usimamizi wa chumba cha kushonea, alitembea na ufunguo wa mlango wake mfukoni mwa aproni kama mtu aliyebeba yai.

Karakana ile ilikuwa na utaratibu wake: mkasi mkubwa wa mkataji ukipotea, mlango unafungwa na hatoki mtu. Asubuhi hiyo ukapotea. Meneja akachungulia, akasema kwa upole tu, “Funga. Asitoke mtu mpaka nirudi.” Hakutisha wala hakupandisha sauti. Msimamizi akafunga.

Kwenye mashine ya karibu na dirisha alikaa shangazi yake. Ndiye aliyemlea baada ya mama yake kufariki, akamfundisha kushika sindano, akamwombea kazi hapohapo. Siku hizi alimeza dawa za presha, zile za kumpeleka mtu chooni kila mara, na choo kilikuwa nje, ng’ambo ya ua.

“Mwanangu, nifungulie nikajisaidie.”

“Vumilia kidogo, shangazi. Meneja anarudi sasa hivi.”

Sasa hivi gani, jamani? Mtu alishakwenda kula. Msimamizi akapiga simu, ikaita mpaka ikakata.

Shangazi akaomba tena, safari hii kwa kunong’ona, miguu ameibana. Hapo ndipo angefungua. Ufunguo ulikuwa unamgonga paja kila akigeuka. Lakini akajiambia amri si yake, likitokea la kutokea ataulizwa meneja. Akawatazama wenzake, labda mmoja aseme, “Mfungulie bwana.” Wote wakainamia mashine, kila mmoja akimngoja mwenzake, naye kimya chao akakihesabu kuwa wamekubali. Tena alishakataa mara moja. Akifungua sasa, si itaonekana ile ya kwanza ilikuwa roho mbaya tu? Basi akakataa na ya pili.

Ya tatu shangazi hakuomba. Mashine zikanyamaza moja moja, na maji yakatambaa sakafuni chini ya kiti chake. Mama mzima, mbele ya vijana aliowafundisha kazi, akajifunika uso kwa kipande cha kitambaa alichokuwa anashona.

Meneja akagonga, na mlango ukafunguliwa upesi. Alikuwa anachokonoa meno.

“Bado mmejifungia? Mkasi kumbe ulikuwa ofisini kwangu.” Akaona sakafu, akakunja uso. “Lakini na wewe dada, ufunguo si unao?”

Aibu ilimpanda msimamizi. Akavua aproni, akapiga magoti, akamfunga shangazi kiunoni kuficha gauni lililolowa. Fundo likamshinda mara mbili.

Shangazi alimwacha amfunge. Kisha akaingiza mkono mfukoni mwa aproni, akautoa ufunguo, akamwekea kiganjani.

“Shika,” akasema taratibu, bila hasira. “Usije ukaupoteza, msimamizi.”