Bibi Kwikwi

Fundi alicheka. Hata leo ukimkumbusha atageuza uso na kutema mate pembeni, maana alipoisikia ile sauti mara ya kwanza alicheka mpaka akashika mbavu.

Ilikuwa saa sita mchana, kibandani kwake, anakotengeneza redio, pasi na simu zilizoanguka majini. Alikuwa mmoja wa watu mia mbili hivi wa kundi la simu liitwalo Sauti za Zamani, watu wanaokusanya kaseti na santuri zisizojulikana na kurushiana. Siku hiyo Mwalimu Masikio, mstaafu mwenye chumba kizima cha sauti za watu waliokwisha kuzikwa, alikuwa ametuma kitu kipya. Chini yake aliandika: "Bibi Kwikwi. Hutaipata popote duniani."

Fundi akabonyeza. Mwanamke alikuwa anajaribu kusema jambo, na kila akifika katikati ya neno, kwikwi inamkata. Masikio alikuwa ameongeza ngoma chini yake, akaipanga hivi kwamba kila kwikwi inaangukia kwenye mdundo. Watu walishajaza nyuso za kucheka. Fundi naye akatupia zake tatu, kisha akamsikilizisha mama mmoja aliyekuwa anasubiri pasi yake.

Yule mama hakucheka. "Huyo analia, Fundi," alisema. "Hizo si kwikwi za kupaliwa na maji. Huyo amelia mpaka amekauka."

Fundi akairudisha mwanzo, safari hii akitega sikio. Nyuma ya ngoma mwanamke alikuwa anasema, "Mume wangu, jana tumemzika Kidoti."

Kidoti lilikuwa jina la nyumbani la mtoto wa kwanza wa Shangazi yake, aliyefariki kabla Fundi mwenyewe hajazaliwa. Na sauti ile, ukiitoa ujana wake, ilikuwa ya Shangazi, aliyemlea tangu akiwa na miaka sita.

Mate yakamjaa mdomoni. Akawahi nyuma ya kibanda, akatapika chai yote ya asubuhi.

Hakuwa na haja ya kuuliza kaseti ilifikaje kwa Masikio. Aliipeleka yeye. Mwaka uliopita, Shangazi alipohamia kwa binti yake, alimkabidhi boksi lililofungwa kamba. Lilikuwa na vitu vya marehemu mumewe, vilivyorudishwa kutoka nchi ya mbali alikokwenda kufanya kazi asirudi tena. "Kalichome, baba," Shangazi alimwambia. "Usilifungue." Fundi akaitikia vizuri, na hata kona ya kwanza hakuimaliza kabla hajalifungua. Ndani alikuta mashati yaliyoliwa na nondo, mavi ya mende, na kaseti kumi na moja zilizoota ukungu mweupe, zikinuka siki. Mashati aliyachoma. Kaseti hakuzisikiliza, alizipeleka kwa Masikio, wakabadilishana kwa santuri moja ya bendi aliyoitafuta tangu ujana.

Sasa alifunga kibanda, akapita nyumbani kuichukua santuri ile, akaenda.

Chumba cha Masikio kilikuwa na madirisha yaliyobandikwa magazeti, na hewa yake ilikuwa nzito kwa vumbi, jasho na mkojo wa paka. Mezani palikuwa na kikombe cha chai kilichoota utando. Masikio alikuwa anasafisha santuri kwa namna yake: analamba kidole gumba, anafuta, analamba tena.

"Fundi! Umeona mambo? Imetoka nje ya kundi, elfu nne wameshasikiliza. Kuna mmoja ameifanya mlio wa simu yake!"

"Ifute, Mwalimu. Huyo ni shangazi yangu."

Macho ya Masikio yakang'aa. Fundi alitarajia aibu, au japo kigugumizi, na badala yake aliona furaha.

"Yu hai? Basi tumrekodi! Ya zamani na ya sasa, tuziweke pamoja..."

"Alikuwa ametoka kumzika mwanawe."

"Ndiyo utamu wake, bwana! Nyimbo zimejaa tele. Kilio cha kweli utakipata wapi?" Akalamba kidole. "Na usinipandishie sauti. Nani aliyeniletea? Nawe umecheka. Nyuso zako tatu nimeziona."

Fundi akaweka santuri mezani na kudai kaseti zake. Masikio akamrudishia bila ubishi, tena akaifuta ile sauti kundini mbele ya macho yake. "Chukua," alisema. "Nakala ninazo." Plastiki ya kaseti ya juu ilikuwa na mate. Njia nzima Fundi alikuwa anafuta mkono kwenye suruali.

Alimkuta Shangazi barazani kwa binti yake, anakunja nguo za wajukuu.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, baba. Mbona uso umekusawajika?"

Akamweleza yote, na hata kucheka kwake hakukuficha. Shangazi alisikiliza huku akiendelea kukunja, kisha akasema, "Niwekee nisikie."

"Shangazi, hakuna haja."

"Nimesema niwekee."

Fundi akacheza nakala iliyobaki kwenye simu yake. Shangazi akaisikia mpaka mwisho, kishati cha mtoto kikiwa mapajani. "Ngoma ni ya nini?"

"Waliiongeza."

"Kwa sababu gani?"

"Ili... ili watu wacheke."

Shangazi akakiweka kishati juu ya nguo zilizokunjwa. "Mashine nilikuwa nimeazima," alisema. "Nilirekodi mara tano. Sikutaka anione mjinga. Hiyo ndiyo niliyoona imetoka vizuri."

Fundi akainamisha kichwa.

"Na hizo nyingine kumi, yule mtu amezisikiliza?"

"Atakuwa amezisikiliza."

Mdomo wa Shangazi ukapinda kama wa mtu aliyeuma mdudu kwenye tunda. Akanyoosha mkono. "Nionyeshe pa kuongelea." Fundi akambonyezea, naye akaliambia kundi zima: "Mimi ndiye mnayemcheka. Mwanangu alikuwa na miaka miwili na miezi mitatu. Aliugua siku nne. Sina zaidi."

Majibu yalianza kuingia. Wawili waliomba radhi, watatu wakajitoa kundini. Kisha mmoja akaandika, "Sauti imezeeka, na kwikwi hakuna. Hasara!" Mwingine akauliza kama kuna mwenye nakala safi zaidi, maana hii inakwaruza.

"Wanasemaje?"

"Wengine wameomba radhi."

"Na wengine?"

Fundi akazima simu. Shangazi hakumuuliza tena. Aliinuka, akaenda kunawa kwa sabuni, akasugua mpaka viwikoni, akarudi akiwa bado anachuruzika maji.

"Kaseti ziache. Wewe nenda."

"Nisamehe, Shangazi."

"Kusamehe nitasamehe, wewe ni mwanangu. Lakini leo nikikutazama nasikia kinyaa, nami sitaki kukuambia neno hilo mara mbili. Nenda."

Fundi alijitoa kundini jioni ile ile. Ile sauti iliendelea kuzunguka bila yeye. Mara moja aliisikia ikilia mfukoni mwa mtu benki, mwili ukamsisimka kama aliyekanyaga kitu laini gizani.

Ulipita mwezi wa pili ndipo binamu yake alipopiga simu. Shangazi alitaka redio ya kaseti iliyo nzima. Fundi akatengeneza moja, akasafisha kichwa chake cha kusomea kaseti kwa pamba na spiriti, akaipeleka. Binamu akaipokea mlangoni. "Mama amesema ukae hapo nje," alisema kwa haya. "Ikisumbua, atakuita."

Akakaa kwenye ngazi. Punde, nyuma ya mlango, kaseti ikaanza, Shangazi wa ujanani akiongea na mumewe, sauti nyembamba, akicheka kitu kidogo kabla ya kuanza habari. Maneno yalikuwa yanapita chini ya mlango moja baada ya jingine, safi kabisa. Fundi hajawahi kusikia kaseti ya umri ule ikitoa sauti safi namna hiyo. Akaziba masikio kwa vidole vyote viwili, akabana mpaka yakauma, akabaki anatazama viatu vyake.