Vigelegele vya Jumanne

"Dawa unayo, na unaninyima!" Fundi cherehani alikuwa akimfokea jirani yake juu ya ukuta, futi ya kupimia nguo ikining'inia shingoni. "Jumanne si ulipiga vigelegele hapa hapa? Si ulisema zimekufa zote?"

"Nilisema, dada. Lakini..."

"Lakini nini? Aisifuye mvua imemnyea! Wewe nani anakuugulia?"

Mtaa ulimwita jirani huyo Mama Vichupa, maana kutwa alikuwa maabara, akijaribu kemikali moja kwenye seli za saratani ya ubongo. Saratani hiyo hiyo ndiyo iliyorudi kichwani mwa mume wa fundi. Basi Jumanne, seli zilipokufa, Mama Vichupa alikimbilia ukutani kabla hata ya kuvua viatu. Jumatano akaanza kupitia uchochoroni, kama mwizi wa kuku.

Leo amebanwa.

"Ulimi hauna mfupa, dada. Nilishangilia kabla ya kuhesabu sahani za pili. Humo huwa tunaweka seli zenye afya, tuone kama dawa inachagua. Haikuchagua. Imeua zote."

Fundi alishika futi yake kwa mikono miwili.

"Kwa hiyo ningempa..."

"Ungempa sumu. Na mimi ndiye niliyekutia tumaini. Nilikuwa naona haya kukutazama."

"Mtafanyaje sasa?"

"Tunapunguza kipimo, tunaanza upya."

"Itamuwahi?"

Mama Vichupa alitamani kusema ndiyo. Neno lilifika mpaka midomoni.

"Sijui, dada. Sikudanganyi mara ya pili."

Mume akatokea mlangoni, ameegemea fremu, kovu likimeta kwenye kichwa kilichonyolewa.

"Mnanigombania kama kipande cha mwisho cha nyama! Mke wangu, mwache shemeji yangu. Siku tatu hizi nyumba haina umbea hata wa kulambia. Huo ukimya ndio utakaoniua, si uvimbe."

Fundi alitaka kumkaripia, kicheko kikamtoka pamoja na machozi. Akajifuta kwa kiganja, akamkagua jirani yake toka juu hadi chini, kwa jicho la mtu aliyempima kiuno mara nyingi.

"Mwone alivyokonda kwa kujificha! Gauni nililokushonea linakupwaya. Usinisimamie ukutani kama mdai. Ingia, tumeshapakua."