Kamba Ndefu za Tengano

Tengano ilikuwa nchi tambarare isiyo na mto wala ziwa wala mvua ya kutegemewa; lakini Mola kwa karama yake aliificha hazina yake chini ya nyayo za watu wake, na kila aliyechimba kwa adabu alipata maji baridi, matamu, yasiyo na chumvi. Majimbo yake yalikuwa matatu. Kwangu lilikuwa jimbo la matajiri, Nitangulie lilikuwa jimbo la wenye haraka, na Haba lilikuwa jimbo la watu wachache waliolima mchicha na ndimu, wakashukuru kwa kila kilichoota. Kila jimbo lilikuwa na Idara yake ya Maji, na kila Idara ilikuwa na Waziri wake, muhuri wake na kiburi chake. Idara hizo ziliandikiana barua mara moja kwa mwaka, nazo zilikuwa za matusi yaliyotanguliwa na salamu nyingi.

Sheria iliyotukuzwa kuliko zote katika Tengano ilisema kwamba mpaka wa juu ya ardhi ndio mpaka wa chini ya ardhi. Watu waliamini, tena kwa yakini, kwamba mawe ya mpakani yalikuwa na mizizi iliyoshuka hadi mwisho wa dunia, ikayatenga maji ya jimbo na jimbo kama kuta zinavyotenga vyumba. Hakuna aliyewahi kuiona mizizi hiyo, na hakuna aliyeona haja, maana itikadi inayomfaa mtu haiulizwi ushahidi.

Juu ya sheria hiyo palikuwa na desturi. Katika kisima kikuu cha kila jimbo ilining'inia kamba ya mkonge yenye jiwe nchani, kutoka ukingoni mpaka sakafuni. Kila mwaka, siku ya Sikukuu ya Kamba, kamba tatu zilitolewa visimani, zikapimwa mbele ya umma, na mpya zikatiwa mahali pake. Jimbo lenye kamba ndefu kuliko mengine lilitangazwa kuwa ndilo tajiri wa maji, Waziri wake akaketishwa juu ya zulia, na wenzake wakarudi makwao wakiapa kuchimba zaidi. Walichimba kweli. Nitangulie ilifunga magurudumu sita ya kuvuta maji, yaliyozungushwa na ng'ombe, Kwangu ikafunga kumi na mawili, na kila kamba iliporefuka watoto waliimbishwa nyimbo za kuisifu.

Aliyezipima kamba hizo alikuwa Shahidi bin Kimya. Alikuwa mtu mwenye jicho kali, mkono mtulivu na ulimi uliolala, na cheo chake kilikuwa na kanuni moja tu: mpima hupima, hatafsiri. Kwa kuitii kanuni hiyo alivishwa joho jipya kila Sikukuu. Alizaliwa Haba, akafiwa na wazazi angali mchanga, akalelewa na dada yake, Bi Kifaya, na mume wa dada yake, Mzee Juhudi, mchimbaji wa visima. Kitambaa cha joho lake la kwanza alikishika shemeji yake kwa vidole vyenye udongo, akacheka kwa furaha na kusema, "Sasa nyumba yetu ina mtu mkubwa."

Mwaka wa nne wa kazi yake Shahidi aliona jambo. Kamba zilizotolewa zilihifadhiwa katika Nyumba ya Kamba, na sehemu iliyokuwa imezama majini ilibaki nyekundu kwa tope la kisimani. Alipozitandaza pamoja kuzikung'uta vumbi, aliona kwamba kamba zilirefuka mwaka baada ya mwaka, na wekundu ukafupika mwaka baada ya mwaka. Nchi nzima ilikuwa ikiushangilia ukavu. Aliona pia kwamba mwaka ule Nitangulie ilipofunga magurudumu, wekundu wa Haba ulipungua kwa pima nzima, urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, ilhali Haba haikuwa na gurudumu wala ng'ombe wa kulizungusha. Mwenye macho mawili angetosheka na ushahidi huo. Shahidi alizikunja kamba, akazirudisha rafuni, akafunga mlango, akajiambia kwamba hakuna aliyemuuliza.

Miaka kumi ikapita hivyo, mpaka Bi Kifaya alipokuja mwenyewe kumuuliza. Alikuja na kikapu cha ndimu, akakaa mkekani, wala hakuzunguka.

"Mdogo wangu, kisima chetu kinatoa tope tangu mwezi ulipoandama. Shemeji yako anataka kushuka achimbe tena, na huko chini ni mchanga mtupu. Moyo wangu unakataa. Wewe unapima visima vya nchi nzima. Niambie, maji yapo au hayapo? Ukisema hayapo, tutafunga virago tuhamie kwa wajomba."

Shahidi alijua la kusema. Alijua kwamba kila pima atakayochimba Juhudi itanywewa na magurudumu ya majimbo jirani kabla jasho lake halijakauka. Lakini Sikukuu ilikuwa kesho kutwa, joho la kumi na nne lilikuwa limekwisha shonwa, na mpima atakayeambia jimbo moja kwamba maji yanakwisha atakuwa ametafsiri.

"Chimbeni, dada," akasema. "Maji yapo."

Mzee Juhudi alianzia pima ya kumi na tatu. Siku ya tisa, alipofika ya kumi na tano, mchanga ulimwangukia, na watu wa Haba wakamtoa kesho yake. Katika msiba ule Bi Kifaya hakumlaumu ndugu yake kwa neno lolote, maana aliamini kwamba alimwambia kweli, na Shahidi alikula chakula cha matanga akiwa na aibu ambayo hakumpa mtu kuionja.

Miaka mitano baadaye visima vya Haba vilikauka vyote, na Bi Kifaya, mjane wa Juhudi, akazishtaki Kwangu na Nitangulie mbele ya Baraza Kuu, akidai kwamba majimbo hayo mawili yamekunywa maji ya watu wa Haba. Kama Haba ingeshindwa, watu wake wangehama nchi, na jina lake lingefutwa. Mbele ya Kadhi Insafu, aliyejulikana kwa kusikiliza mpaka mwisho, Waziri Majisifu wa Kwangu alisimama akajibu kwa tabasamu.

"Mheshimiwa Kadhi, mdai atuonyeshe tundu. Jiwe la mpaka halikung'olewa, na mlinzi hakuona mtu na ndoo. Mwizi asiyevuka mpaka ni mwizi wa namna gani? Wenzetu hawa ni wavivu wa kuchimba. Kamba yao ni fupi, nao wanataka kuirefusha kwa machozi."

Kadhi akamwita mpima. "Taja urefu wa kamba tatu, kisha ukae."

Shahidi alisimama. Alivua joho la kumi na tisa, akaliweka sakafuni, na sauti yake ilipotoka ilikuwa ya mtu asiyezoea kuisikia.

"Mheshimiwa, naomba ruhusa ya kuvunja kanuni ya kazi yangu."

Kadhi akamruhusu, naye akaamuru kamba zote za miaka kumi na tisa ziletwe zitandazwe uani, kila jimbo safu yake, na watu wakatoka nje kutazama. Kamba ya kwanza ya Kwangu ilikuwa pima kumi na mbili, na nane katika hizo zilikuwa nyekundu. Ya mwisho ilikuwa pima thelathini, na nyekundu zilikuwa mbili. Safu tatu zilipungua wekundu pamoja, hatua kwa hatua, kama ndugu watatu walioambukizana homa moja. Waziri Majisifu alitembea kutoka kamba hadi kamba, akarudi mwanzo, akatembea tena, wala hakurudi kwenye kiti chake.

"Kisima ni kimoja," akasema Shahidi. "Midomo ndiyo mitatu."

Kadhi akamuuliza, "Ulijua tangu lini?"

"Tangu mwaka wa nne."

"Mbona hukusema?"

"Nilipenda joho, Mheshimiwa. Na dada yangu huyu aliponiuliza, nilimwambia maji yapo, mumewe akashuka."

Bi Kifaya aliinua uso akamtazama kwa muda mrefu, kisha akajifunika ushungi.

Hukumu ilipita siku ileile. Idara tatu zilivunjwa zikawa moja, magurudumu yakapangiwa siku za kuzunguka na siku za kulala, na tangu hapo Sikukuu ikawa ya kusifu wekundu wa kamba badala ya urefu wake. Shahidi sheria haikumwadhibu, kwa kuwa kimya chake kiliamriwa na sheria; watu wakamwita Mwokozi wa Visima, na hakuna jina lililomuuma kama hilo. Alikataa joho, akaomba kuwa mlinda kisima wa Haba, akaishi jirani na dada yake, aliyemjibu salamu na kumpelekea chakula, asimtajie marehemu hata mara moja.

Mwaka wa saba wa sheria mpya, Bi Kifaya alimwita aje na kamba yake kwenye kisima cha Juhudi, kilichokuwa kimejengewa upya kwa mawe. Shahidi aliiteremsha, akaipandisha, akaushika mwanzo wa wekundu kwa vidole vyake, akahesabu kutoka ukingoni, kisha akarudia kuhesabu.

"Yamefika wapi?" dada yake akauliza.

"Pima ya kumi, dada."

"Na yeye alianzia wapi kuchimba?"

"Ya kumi na tatu."

Bi Kifaya hakulia. Alitumbukiza ndoo, akavuta taratibu, akachota kwa kata, akampa yeye kwanza, kama alivyokuwa akimpa alipokuwa mtoto.

"Kunywa, mdogo wangu," akasema. "Ulisema maji yapo."

Shahidi aliipokea kata kwa mikono miwili, akanywa. Yalikuwa baridi, matamu, yasiyo na chumvi.